Mwaka Tuliomzika Mzee Ndimu

Mwezi uliopita nilipanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumzika Mama Adella, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya ishirini tukajikuta tumekaa benchi moja, mimi, kaka Masanja aliyekuwa mwongozaji wetu, na Kulwa. Masanja siku hizi anatembelea fimbo na analima mpunga huko Magu. Kulwa amenenepa, amekuwa mzee wa kanisa. Tulikuwa tunakula wali wa msibani pale chini ya turubai, na mama mmoja aliyekuwa akipitisha maji ya kunawa akasimama akatutazama, akauliza, "Ninyi si ndio mlikuwa mnaigiza ile ya Mzee Ndimu?" Masanja akasema ndio. Yule mama akatabasamu. "Siku mlipomuua nililia mpaka mume wangu akanigombeza," akasema, kwa wema kabisa, kama mtu anayetukumbusha arusi tuliyohudhuria wote. Masanja akamshukuru. Mimi nikaomba maji ya kunywa.

Walio chini ya miaka thelathini hawakijui kipindi chetu, kwa hiyo nieleze kidogo. Kilikuwa cha vichekesho, kiliitwa Kwa Mzee Ndimu, kikirushwa kila Alhamisi saa moja jioni na kituo kimoja cha televisheni cha hapa Mwanza. Mambo yote yalitokea kwenye nyumba ya kupanga huko Mabatini. Mwenye nyumba ni Mzee Ndimu, mtu mchungu kama jina lake, anayegombana na wapangaji juu ya maji, choo, moshi wa jiko, redio na kuku. Mkewe, Mama Ndimu, anawatetea wapangaji kwa siri. Kwa miaka saba waigizaji walikuwa wakituacha kila mara, na hatukuhangaika. Mmoja aliolewa Geita, mwingine akapata kazi Dar, mwingine akaokoka akasema hawezi tena kusimama mbele ya kamera na kusema uongo. Tulichofanya ni kusema mpangaji kahama, tunampeleka mwingine chumba kilekile na godoro lake kichwani, na wiki mbili baadaye watazamaji wamemzoea. Ndiyo faida ya nyumba ya kupanga. Lakini hakuna aliyewahi kujiuliza itakuwaje akiondoka mwenye nyumba.

Mzee Ndimu aliigizwa na Mzee Projestus, Mhaya, mwalimu mstaafu aliyeishi Kirumba na mkewe Mama Adella. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na ndiye niliyeandika maneno waliyosema. Studio yetu kilikuwa chumba kirefu huko Isamilo, kimebanwa katikati ya miamba miwili mikubwa, paa la bati lisilo na dari. Mvua ikinyesha tulisimamisha kazi kwa sababu hakuna kilichosikika, na jua likiwaka waigizaji waliloa jasho mpaka rangi ya kofia ikawachirizikia usoni. Mzee Projestus alikuja na chakula chake kwenye hotpoti, ndizi na maharage aliyopika Mama Adella, na kila siku alinikatia upande wangu. "Kula, Veda," alikuwa akisema. "Mwandishi mwenye njaa anaandika watu wakali, halafu mimi ndiye nagombana na Nyamizi bure." Nyamizi ndiye aliyekuwa Mama Ndimu. Alikuwa akimjibu bila kuinua macho kwenye michembe yake ya viazi vikavu, "Wewe hata ukishiba unagombana."

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kwanza, kabla ya mchana. Tulikuwa tunarekodi Mzee Ndimu amekuta mpangaji kaanika shuka kwenye kamba yake. Niliandika aseme, "Kamba hii niliinunua wewe hujazaliwa." Akasema, "Kamba hii," akanyamaza. Akarudia, "Kamba hii." Mdomo ukaenda upande mmoja, jicho moja likalegea, kikatoka kitu kama "ka, ka, ka." Chumba kizima kilicheka. Nyamizi alishika fremu ya mlango asianguke kwa kicheko. Masanja alimpungia mpiga picha aendelee. Mzee akapiga magoti polepole huku akitutazama, na macho yake yalikuwa na hasira kubwa, hasira ya Mzee Ndimu kabisa, nami nikawaza, huyu mtu ni hodari, amechukua mstari wangu wa kawaida akaufanya dhahabu. Kisha nikaona suruali yake imelowa, na maji yanatambaa kwenye sakafu kuelekea viatu vyangu. Nadhani mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka vingine, lakini najua.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia wote na maneno yote isipokuwa moja. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali, neno lililokuwa limebaki lilikuwa "sawa". Wakati huo Masanja alikuwa ameshaniambia niandike kwamba Mzee Ndimu kaenda Ukerewe kuangalia shamba la urithi. Nikaandika. Mama Ndimu alikuwa akipokea simu, anaitika "ee, ee," halafu anawageukia wapangaji: "Ndimu anasema hilo jiko lisiingizwe ndani. Anasema anausikia moshi mpaka Nansio." Mtu hayupo, lakini ugomvi wake upo. Wiki za kwanza zilikwenda vizuri kiasi kwamba tulianza kujipongeza. Na mimi nikajiwekea desturi ya kwenda Kirumba kila Alhamisi jioni kutazama kipindi pamoja naye.

Sebule yao naikumbuka kuliko chumba nilichokuwa nalala. Viti vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu juu ya mlango, harufu ya dawa ya kuchua iliyochanganyika na harufu ya samaki kutoka mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Nilikuwa nabisha hodi, nasema, "Shikamoo Mama, shikamoo Mzee." Mama Adella anaitika marahaba ya watu wawili. Alikuwa mwembamba, Mkerewe wa Nansio, asiyepoteza maneno. Anamkalisha mumewe vizuri, anamfunga taulo shingoni, anamlisha uji kwa kijiko, na macho yake yako kwenye televisheni. Alhamisi ya kwanza, Nyamizi aliposhika simu na kusema, "Ndimu, huko unakula vizuri kweli?" Mzee Projestus alitoa sauti kutoka kitini, wazi kabisa: "Sawa." Mama Adella akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nikacheka na mimi, na Mzee akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki. Niliondoka pale nikiamini tutaweza. Nilikuwa mdogo. Nilidhani jambo likichekesha limeponyeka.

Kufikia mwezi wa tano watu walianza kuchoka. Sokoni, kwenye foleni ya benki, kanisani, swali lilikuwa lilelile: anarudi lini? Nilikuwa najibu "karibuni," halafu naenda nyumbani kuandika simu nyingine. Siku moja nikiwa nachapa kwenye chumba cha nyuma nilimsikia mkubwa mmoja wa kituo akizungumza na Masanja upande wa pili wa ukuta. "Mzee hatarudi," alisema. "Tafuta mtu, mvalishe kofia ileile na miwani ileile. Watu wanapenda Mzee Ndimu, hawampendi Projestus." Nikasubiri Masanja akatae. Nikasikia kiti kikisogezwa, halafu sauti yake: "Kuna kijana wa kwaya ya Nyakato, anaigiza sauti za watu." Huyo ndiye Kulwa.

Sitamlaumu Kulwa. Alikuwa hodari na alikuwa na adabu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha. Nilimfundisha namna Mzee anavyofyonya kabla ya kusema, anavyokohoa akipita dirishani kwa mpangaji ili ajulikane anapita, anavyoshika kiuno. Kwa siku nne alikaa mbele yangu akirudia kikohozi cha mtu mwingine, nami nikimsahihisha. Niliandika kwamba Mzee Ndimu amerudi kutoka Ukerewe, amekonda, na Mama Ndimu anamwambia, "Umepungua mpaka sura imekuwa nyingine." Tulidhani kichekesho hicho kitaziba pengo. Jumatatu kabla hakijaonyeshwa nilikwenda Kirumba kumweleza Mzee Projestus. Alikaa kibarazani, nikachuchumaa mbele yake nikasema yote. Akasema, "Sawa." Nikarudi nyumbani moyo mwepesi.

Alhamisi ile, Kulwa alipoingia kwenye kioo na kofia yake, akakohoa, Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukapanda polepole mpaka kichwani, ukapapasa, haukukuta kitu, ukashuka. Mama Adella akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni Kulwa, Mama. Tunajaribu tu."

"Mngemwambia mwenzenu."

"Nilimwambia Jumatatu."

"Akasemaje?"

"Alisema sawa."

Hakupandisha sauti. Alimpangusa mumewe mdomo, akakunja taulo, ndipo akanitazama. "Veda mwanangu, huyu nikimuuliza anataka uji, anasema sawa. Nikimuuliza ameshiba, sawa. Jana nilimkanyaga mguu kwa bahati mbaya, akasema sawa. Ndilo lililobaki kinywani. Usilichukue ukaenda nalo kama ruhusa."

Kulwa alidumu wiki sita. Mwaloni Kirumba wauza samaki walikataa kumuuzia, wakimwambia nenda kaombe kwa yule uliyemwibia kofia. Watoto walimfuata barabarani wakiimba kwamba yeye si yeye. Alikuja studio asubuhi moja mapema, akakaa kwenye ngazi za mwamba. "Dada Veda," akasema, "nikikohoa hawacheki. Wananiangalia kama mtu aliyevaa nguo za marehemu, na mwenyewe yuko hai." Alilia bila kujificha. Nilimpa nusu ya kiazi changu, na tukakaa pale tukitazama ziwa mpaka wengine wakafika.

Baada ya hapo Masanja alituita, mimi na Nyamizi, akasema lazima afe. Alisema kwa upole. Mtu aliyesafiri watu wanamsubiri, alisema, na wakimsubiri sana wanakasirika, lakini aliyekufa watamlilia, watasahau, na Mama Ndimu atakuwa mwenye nyumba. Kulwa atakuja matangani kama mdogo wa marehemu, abaki, mtu mwingine kabisa. Leo, nikiwa na miaka niliyo nayo, naona alikuwa sahihi kuhusu kazi yetu. Siku ile nilimwambia kuna njia nyingine. Nilisema tumlete Mzee Projestus mwenyewe, kama alivyo. Mzee Ndimu amerudi kutoka Ukerewe akiwa mgonjwa, anakaa kwenye kiti chake uani, na maisha ya nyumba yanamzunguka. Hana haja ya kusema lolote zaidi ya neno lake moja.

"Watu wanafungulia televisheni wacheke, Veda," Masanja akasema. "Nani atamcheka mgonjwa?"

"Sisi tulimcheka."

Nyamizi akainamisha kichwa. Masanja akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Ukikataa kuandika, nitaandika mwenyewe," akasema. "Na unajua ninavyoandika." Hilo ndilo lililonishinda. Kama lazima afe, nilitaka afe vizuri. Nimesikia watu wengi tangu wakati huo wakijitetea kwa maneno hayo, na kila nikiyasikia najua wako wapi.

Nilikwenda Kirumba mchana wa siku iliyofuata. Mama Adella alikuwa sokoni. Nilikaa karibu na Mzee nikamwambia, "Mzee, wanataka Mzee Ndimu afe. Niandike?"

"Sawa."

"Au nisiandike?"

"Sawa."

Nilitia mkono wangu kwenye mkono wake wa kushoto. Nikasema, "Kama hutaki, finya." Akafinya. Akafinya sana, mpaka mfupa ukaniuma, na macho yake yalikuwa yamenikazia. Lakini mkono ule ulikuwa unafinya kila kilichowekwa ndani yake, kijiko, shuka, rozari, mkono wa padri. Nilikaa hivyo mpaka nikasikia geti likifunguliwa. Nikajinasua. Mama Adella aliingia na kikapu, akauliza mbona sijachukua hata maji, nikasema nilikuwa napita tu. Sikumwambia. Miaka yote iliyofuata, nilipokuwa namtembelea, nilikuwa nasema leo nitamwambia, na sasa nimeshika udongo wa kaburi lake na bado sijamwambia mtu. Nilikwenda nyumbani nikaandika kwa siku mbili, na yale ndiyo maandishi bora niliyopata kuandika maishani mwangu. Mama Ndimu anapokea simu kutoka Ukerewe. Hapigi kelele. Anakaa, anasimama, anakwenda kwenye bomba ambalo mumewe alilifunga kufuli kwa miaka saba, anafungua kufuli, na kuwaita wapangaji wote waje wachote. Nyamizi aliigiza mara moja tu, hakurudia. Mpiga picha alilia nyuma ya kamera.

Kilirushwa Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja. Sikwenda Kirumba. Nilibaki chumbani kwangu nikiwa nimezima taa kama mtu anayedaiwa. Kumbe mwishoni, bila mimi kujua, Masanja alikuwa ameongeza picha ya Mzee Projestus na mshumaa unaowaka pembeni.

Asubuhi yake Mama Adella alinipigia simu. "Njoo," akasema, akakata. Nilipofika kwenye uchochoro wao nilikuta wanawake wamejifunga kanga viunoni, wamebeba unga na kuni. Wavuvi wawili walikuwa na sato wametungwa kwenye kamba. Watu walikuwa hawajamwona tangu mwezi wa kwanza, wameona mshumaa, wakaamini. Mama mmoja mnene alinipita akilia kwa sauti, akaingia uani, na pale kwenye ngazi ya kibaraza akamkuta Mzee Projestus amekaa kitini na shati jeupe. Akakaa chini palepale. Mzee akainua mkono wa kushoto akamwambia, "Sawa, sawa." Walicheka, walilia, wengine wakamgusa mabega kuhakikisha. Ugonjwa ule ulikuwa umemwondolea uwezo wa kuchagua, kwa hiyo naye alicheka na kulia kwa pamoja, machozi yakiingia mdomoni. Kila mtu alimpa pole kwa kifo chake, naye akamjibu kila mtu sawa.

Mama Adella hakumfukuza yeyote. "Wameshakuja, basi wapikiwe wale," alisema. Tulisonga ugali, tukapika wale sato, na marehemu akala katikati ya waombolezaji wake, akala vizuri kuliko siku zote za mwaka ule. Nilikuwa naosha sufuria Mama Adella aliposimama nyuma yangu. "Umeona wanavyompenda," alisema. Nikasema nimeona. "Sasa mwambie Masanja atangaze kwamba yu hai. Wako wengine mbali ambao hawakupata nafasi ya kuja kumwona." Nilimwambia Masanja siku ileile. Alisema atatangaza. Nilimkumbusha wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kipindi kilikuwa hakijawahi kutazamwa vile. Nyamizi akiwa mwenye nyumba, na Kulwa akiwa shemeji mvivu asiyevaa kofia, kipindi kiliendelea miaka mingine sita, na watu wengi watakuambia hiyo ndiyo miaka yake mizuri. Tangazo halikutoka. Ningeweza kuacha kazi. Sikuacha mpaka miaka miwili baadaye, na nilipoacha, niliacha kwa sababu nyingine.

Mzee Projestus alifariki kwenye masika yaliyofuata, Jumamosi asubuhi, akiwa amelala. Tulitangaza redioni. Nilizunguka mwenyewe mwaloni na sokoni kuwaambia watu. Wengine walinitazama kwa huruma, kama mtu asiye na habari. Muuza dagaa mmoja alinijibu bila kuacha kupepeta, "Huyo si tulishamzika mwaka jana, dada? Mimi mwenyewe nilipeleka unga." Nikamwambia sasa ni kweli. Akasema, "Hata ile ilikuwa kweli."

Mama Adella alikuwa amekodi viti vingi, akikumbuka uchochoro ulivyofurika siku ile. Vilipangwa kuanzia kibarazani mpaka nje ya geti, safu baada ya safu. Walikuja ndugu wachache kutoka Kagera, wanajumuiya, Nyamizi, Masanja aliyesimama mbali, na kwaya. Padri alianza ibada, akamaliza. Tuliporudi kutoka makaburini, mimi na Kulwa tukaanza kukusanya viti vya nje, vile ambavyo hakuna mtu aliyekalia, vikiwa bado na vumbi. Mama Adella akatoka mlangoni na nguo zake nyeusi, akatushika mikono.

"Viacheni kwanza," akasema. "Jua ni kali. Labda wanasubiri lipungue."

Tukavirudisha kwenye safu zake, tukaketi kwenye viwili vya mwisho, karibu na geti, tukasubiri naye.